Mageuzi ya Nchi Ndogo Mbele ya Mataifa Makubwa: Funzo la Ushirika wa Pamba Mwanza

Usiku wa tarehe 20 Agosti 1968 majeshi yaliyoongozwa na Umoja wa Kisovieti yaliingia Czechoslovakia kuzima mageuzi ya kiongozi wake, Alexander Dubček. Serikali ya Tanzania ililaani uvamizi huo. Nayo ilishaonja shinikizo la wakubwa: mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wa kijeshi kwa sababu ya ofisi ya Ujerumani Mashariki nchini, na mwaka huohuo, Tanzania ilipovunja uhusiano na Uingereza kuhusu Rhodesia, mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Mada hii inauliza kwa nini Ujamaa uliotangazwa Arusha mwaka 1967, ambao haukuvamiwa na kifaru hata kimoja, ulisalimu amri mwaka 1986. Hoja yangu ni kwamba shinikizo la nje lilikuwepo na lilikuwa zito, lakini lilitukuta tumekwisha kuivunja kwa mikono yetu taasisi ambayo ingetusaidia kulihimili, yaani ushirika. Ushahidi uko hapahapa Kanda ya Ziwa.

Kabla ya ushirika, mkulima wa pamba Usukumani alitegemea mzani wa mfanyabiashara na kupokea alichopewa. Harakati zilizoongozwa na Paul Bomani zilizaa shirikisho la vyama vya ushirika, Victoria Federation of Co-operative Unions (VFCU), mwaka 1955, makao yake Mwanza. Tangu hapo pamba ilipimwa kwenye chama cha msingi. Pamba ya daraja la juu (safi) na ya daraja la chini (fifi) zilitenganishwa mbele ya mwenye mali, na karani aliwajibika kwa viongozi waliochaguliwa na wakulima. Huo ulikuwa ujamaa uliotangulia Azimio la Arusha. Mwaka 1976 Serikali ilifuta vyama vikuu vya ushirika, na biashara ya pamba ikawa ya mamlaka ya umma, huku Operesheni Vijiji ikiwa imeziweka kaya nyingi mbali na mashamba yao. Malipo yalipochelewa, mkulima hakuwa na chombo cha kudai haki, hivyo akageukia mazao ya chakula. Fedha za kigeni zikapungua wakati nchi inazihitaji kuliko wakati wowote. Mwaka 1979 mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) yalikwama na Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, akajiuzulu. Akizungumza na mabalozi Mwaka Mpya wa 1980, Mwalimu Nyerere alihoji tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia. Swali lilikuwa la haki kabisa, ila nchi isiyo na fedha za mafuta na vipuri haiwezi kulisimamia kwa muda mrefu.

Wapo watakaosema kwamba bei ya mafuta ilipanda mara mbili katika muongo mmoja na vita vya Kagera vilikomba hazina, kwa hiyo ushirika usingetuokoa. Nakubali kwamba dhoruba hiyo ingeiumiza nchi yoyote maskini. Lakini kuumia na kukosa sauti ni mambo mawili. Mzalishaji anayeamini kwamba atalipwa huendelea kuzalisha hata nyakati ngumu, na hapo ndipo serikali hupata nguvu ya kukataa masharti. Wengine watakumbusha kwamba vyama vilijaa wizi, na kwamba Tume ya Rais ya 1966 ilithibitisha hivyo. Ni kweli. Hata hivyo, tume hiyohiyo iliona kuwa wanachama hawakuwa na elimu ya kutosha ya kuvisimamia vyama vyao. Dawa ilikuwa kuwaelimisha na kukagua hesabu. Serikali yenyewe ilikiri kosa ilipotunga sheria ya kurudisha ushirika mwaka 1982, lakini imani ikishavunjika hairudishwi na sheria peke yake. Miaka minne baadaye, chini ya Rais Mwinyi, tulitia saini makubaliano na IMF.

Leo pamba inapita tena kwenye vyama vya msingi vya ushirika wa mazao (AMCOS). Napendekeza semina hii iazimie mambo mawili: hesabu za kila AMCOS zisomwe kwenye mkutano wa wanachama kabla ya msimu kufunguliwa, na kiongozi wa chama asiteuliwe wala kuondolewa na ofisa wa Serikali bila kura ya wakulima. Taifa dogo haliwezi kuchagua majirani zake wala bei ya dunia, lakini linaweza kuchagua kuwaamini wazalishaji wake.