Mwigizaji aliyegeuka mhubiri: tunajifunza nini hapa Ubundu?

(Maneno tuliyoyasema mbele ya familia za wahamaji, wazee wa kimila na viongozi wa dini)

 

Sinema si kitu kigeni hapa. Mwaka 1951, mji huu ulipokuwa bado unaitwa Ponthierville, wageni kutoka Ulaya na Marekani walikuja kupiga filamu ya The African Queen kwenye mto Ruiki. Leo lakini tunataka kuongea juu ya mwigizaji Mwafrika, Majid Michel wa Ghana.

Alizaliwa Accra mwaka 1980, baba Mlebanoni, mama Mghana. Alisoma Mfantsipim, shule ya zamani ya Cape Coast. Watu wa kwao walimjua kwanza katika mchezo wa televisheni Things We Do for Love, halafu katika filamu kama Divine Love ya mwaka 2004. Mwaka 2012 alipewa tuzo ya Africa Movie Academy ya mwigizaji bora kwa filamu Somewhere in Africa, inayosimulia nchi iliyokandamizwa na utawala wa kijeshi. Baadaye, jina lake likiwa tayari kubwa, alianza kuhubiri Injili hadharani. Wengine walifurahi, wengine walimshuku. Kuigiza hakuacha.

Kwa nini tunawaletea habari hii? Kwa sababu tatu.

Kwanza, damu mbili. Majid ana asili ya Lebanoni na ya Ghana, na Ghana inamwita mtoto wake. Kwetu, tangu Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola umeua watu, umechoma nyumba na kuwafukuza wengi hadi Kisangani. Lakini kabla ya hapo tulikuwa tumeoana. Mtoto ambaye baba yake ni Mmbole na mama yake ni Mlengola, akimbilie upande gani? Tukisema "wale wauaji", tunamtaja mjomba wa mtoto huyo, au baba yake mdogo.

Pili, nguo ya mchezo. Mwigizaji akimaliza kazi anavua nguo za askari na kurudi nyumbani. Vijana wetu walipewa mapanga na mishale, wakaambiwa "ninyi ndio walinzi wa kabila". Nani atawasaidia kuvua nguo hiyo? Kijana hawezi kuivua peke yake wakati wazee wanaendelea kumpigia makofi.

Tatu, sauti. Watu walimsikiliza Majid akihubiri kwa sababu walikwisha kumjua. Ninyi viongozi pia mnajulikana. Neno moja la chifu au la pasta linaweza kuzima uvumi sokoni, na linaweza pia kuwasha moto. Na anayebadilika asitegemee kuaminiwa siku hiyo hiyo. Aliyechoma nyumba ya jirani, akisema "nimetubu", jirani atataka kwanza kuona anabeba miti ya kujengea.

Hatusemi amani ni kusahau. Familia iliyozika watu wake inahitaji ukweli na haki, na mashamba yanahitaji mipaka iliyokubaliwa na pande zote mbele ya serikali. Tunachosema ni kwamba mtu si lazima abaki alivyokuwa jana.

Kabla ya kuachana, tunaomba mjadiliane katika vikundi, wanaume na wanawake, maswali haya:

1. Katika familia yako, nani ana ndugu upande wa pili? Mara ya mwisho mliongea lini?
2. Kijana aliyeweka silaha chini akirudi kijijini, nani atakuwa wa kwanza kumpokea?
3. Wewe kiongozi, utasema neno gani wiki hii, mbele ya watu wako mwenyewe?

Tunawasikiliza.