Kufuli la Hesabu za Kikundi



Zamani hesabu za mwethya tuliandika kwa daftari, na pesa zikakaa kwa sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Siku hizi waweka hazina wengi wanaandika kwa kompyuta, katika majedwali ya Excel. Ni vizuri, maana kompyuta hujumlisha yenyewe. Lakini kufuli liko wapi?

Kikundi kimoja tulichokitembelea kilipoteza hesabu za miaka miwili. Kompyuta ilikuwa ya kuazimana. Faili ikafutwa, na aliyefuta hakujulikana. Mama mmoja akasema amemaliza kulipa mkopo, wengine wakasema bado. Nani angeamua? Waliopoteza hesabu walipoteza pia kuaminiana.

Basi tushike mambo matatu.

Kwanza, faili isifunguliwe ovyo. Katika Excel bonyeza File, kisha Info, kisha Protect Workbook, uchague Encrypt with Password. Bila neno la siri haifunguki. Kufunga karatasi peke yake, yaani Protect Sheet, huzuia kubadilisha tarakimu tu, haizuii kusoma. Na neno hilo likisahaulika, hata Microsoft wenyewe hawawezi kukurudishia. Kwa hivyo liandikeni, mlitie kwa bahasha, mfunge, akae nayo ofisa mwingine.

Pili, faili isifutwe. Hapa wengi tunakosea: neno la siri halizuii kufuta. Mwizi akishindwa na kufuli, si anabeba sanduku zima? Kila anayetumia kompyuta awe na akaunti yake ya kuingilia, wasiohusika wasifike penye faili.

Tatu, nakala. Baada ya kila mkutano wekeni nakala mpya yenye tarehe kwenye flashi mbili, moja kwa mweka hazina, moja kwa mwenyekiti. Tena chapisheni jumla, zisomwe mbele ya wote, zitiwe sahihi.

Tukumbuke pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019: namba za vitambulisho na simu za wanachama si za kuonwa na kila mtu.

Mkirudi nyumbani, mwulizeni mweka hazina wenu kwa upole: kompyuta hii ikiibwa usiku wa leo, kesho hesabu tutazisoma wapi? Akinyamaza, kazi ya mkutano ujao mnaijua.