Trimu ya Umeme ya Eleroni: Kwa Nini Mota Iwe Dhaifu Kuliko Mkono
Mada kwa semina ya mafundi na wanafunzi wa ufundi, Biharwe, Mbarara

Ndege ndogo inayobeba mafuta ndani ya mabawa huanza kulalia upande mmoja pale tangi moja linapopungua kuliko jingine. Lita moja ya petroli ya ndege ina uzito wa gramu 720 hivi. Rubani akitumia lita 40 za tangi la kushoto bila kugusa la kulia, kilo 29 zinabaki zikivuta upande wa kulia, na mkono wake unazishikilia kwenye usukani mpaka abadili tangi na mafuta ya pande mbili yalingane tena. Trimu ya eleroni, yaani ya ile sehemu ya ukingo wa nyuma wa bawa inayoilaza ndege upande, imewekwa ili kuupumzisha mkono huo. Hoja yangu ni hii: katika ndege aliyoiunda mtu mwenyewe, mota ya trimu ivute usukani kwa springi badala ya kugeuza kibati kilichofungwa kwenye ukingo wa nyuma wa eleroni. Tena nguvu yake, hata mota ikifika mwisho wa safari yake, iwe ndogo kiasi kwamba mkono mmoja unaishinda bila kuchoka.

Tuanze na chanzo cha kulalia, maana wengi huchanganya vitu viwili. Bawa likifungwa na pembe isiyolingana na ya mwenzake, ndege italalia kwa nguvu inayoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, kwa sababu kinachoisukuma ni hewa yenyewe. Kosa hilo hurekebishwa chini, kwa kulinganisha mabawa au kukunja kidogo ukingo wa eleroni, na rekebisho hilo hufaa kwa kila mwendo. Uzito wa mafuta hauko hivyo. Kilo 29 ni zilezile ndege ikienda kasi au ikijongea kutua, lakini ndege ikipunguza mwendo eleroni hupungukiwa na hewa ya kuifanyia kazi, hivyo lazima ifunguke zaidi ili kubeba mzigo uleule. Springi yenye mvuto uliokwisha kuwekwa hufanya hivyo yenyewe: hewa ikilegea, inaisogeza eleroni mbele zaidi. Kibati hakiwezi, kwa sababu kinategemea hewa ileile iliyopungua. Rubani atalazimika kukirekebisha upya wakati ana shughuli nyingi za kutua. Kwa hiyo ninaona ni kosa kununua mota ili kuficha bawa lililopinda. Ndege inyooshwe kwanza, ndipo trimu ipewe kazi ya mafuta na abiria.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Kibati chenye mota yake ndani ya eleroni huongeza uzito nyuma ya bawaba, na hapo ndipo uzito unapochochea mpapatiko, yaani kutikisika kwa eleroni kunakojilisha kwenyewe hadi kitu kivunjike. Tarehe 16 Septemba 2011, kwenye mashindano ya ndege ya Reno, Marekani, ndege aina ya P-51 iliyoitwa Galloping Ghost ilianguka katika eneo la watazamaji. Walikufa watu 11, rubani akiwamo. Uchunguzi ulionyesha kwamba nati chakavu zilikilegeza kibati cha trimu cha mkia, kikaanza kupapatika. Mtu atasema ile ilikuwa ndege ya mbio, yetu ni ya taratibu. Ni kweli, lakini ulegevu wa skrubu haungoji mbio, na mwinuko wetu hauko upande wetu. Uwanja wa ndege wa Nyakisharara, hapa Mbarara, uko yapata mita 1,400 juu ya bahari, ambako hewa ina takriban asilimia 87 ya uzito wa hewa ya pwani. Ndege iendayo kilomita 200 kwa saa kwenye kipimo chake, hapa inakwenda kama 214 kwa kweli, na mpapatiko huutazama zaidi mwendo wa kweli.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba umeme huharibika, na swichi ikinasa mota itaendelea kuvuta hadi mwisho. Hofu hiyo ni halali, na ndiyo inayoamua kipimo cha springi. Kanuni za Marekani za ndege ndogo ziliweka kikomo cha pauni 5, karibu kilo 2.3, kwa nguvu ambayo rubani anaweza kuitoa kwa muda mrefu kuizuia ndege isilale. Nashauri trimu yetu isivuke hapo. Ipimwe uwanjani kabla ya kuruka: bonyeza swichi hadi mota isimame, funga mzani wa springi juu ya fimbo ya usukani, uvute mpaka eleroni zirudi katikati, usome. Ukiona kilo 4, springi ni ngumu mno, badilisha. Pima pande zote mbili. Umeme wa mota upitie fyuzi yake yenyewe, ndogo, mahali rubani anapofikia akiwa amejifunga mkanda. Waya za kipimo kinachoonyesha nafasi ya trimu zifungwe mbali na joto la injini.

Pingamizi la mwisho linahusu mahali petu: ndege yenyewe haipo, ya nini kujadili trimu? Mwaka 2010 magazeti yalimwandika Gabriel Nderitu wa Kenya, na mwaka 2011 Chris Nsamba wa Kampala, kila mmoja akiunda ndege uani, na umati ulivutiwa na injini na mabawa. Nadhani umati ulitazama upande mmoja tu. Fundi wa sola wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale anayejua kuchagua unene wa waya na fyuzi ya mota ya volti 12, au wa bodaboda anayejua springi iliyochoka kwa kuishika, tayari ana sehemu ya ufundi huu. Kinachobaki ni mazoea ya kupima na kuandika kila kipimo kwenye daftari la ndege, kwa sababu mkaguzi wa mamlaka ya anga atauliza kwanza karatasi, kisha springi.