Mti Unganishi: Istilahi na Fikra katika Algoriti za Mitandao



Mwaka 1926 mwanahisabati Otakar Borůvka alichapisha makala iliyotokana na swali la usambazaji wa umeme huko Moravia, katika iliyokuwa Chekoslovakia: miji iunganishwe vipi ili jumla ya urefu wa nyaya iwe ndogo kabisa? Makala hiyo iliandikwa kwa Kicheki. Mwaka 1930 Vojtěch Jarník alitoa njia nyingine, nayo kwa Kicheki. Njia ya Jarník ilibuniwa upya na Robert Prim mwaka 1957, kisha na Edsger Dijkstra mwaka 1959, na hadi leo vitabu vingi huiita kwa jina la Prim. Fikra ilitimia katika Kicheki. Kilichochelewa ni kuvuka mipaka. Je, Kiswahili nacho kinaweza kuibeba?

Dhana hii ina masharti matatu: kila kifundo cha mtandao kifikiwe, pasiwe na mzunguko, na jumla ya uzito wa viungo iwe ndogo kabisa. Neno “mti” hubeba sharti la pili, kwa kuwa matawi ya mti hayarudi kukutana yakafanya duara. Neno “unganishi”, lililonyambuliwa kutoka -unga kupitia -ungana na -unganisha, hubeba la kwanza. La tatu halina budi kutajwa: “mti unganishi wa uzito mdogo kabisa”. Anayeuita “mtandao nafuu” huyapoteza yote matatu.

Mwaka 1983 Robert Gallager, Pierre Humblet na Philip Spira walichapisha algoriti ya kuutafuta mti huo pasipo kompyuta yoyote kuuona mtandao mzima. Kila kifundo hujua uzito wa viungo vyake tu, na hupelekeana ujumbe na majirani zake. Mwanzoni kila kifundo ni kipande cha ngazi ya 0. Kila kipande hutafuta kiungo chepesi kuliko vyote vinavyotoka nje yake. Ikiwa hakuna viungo viwili vyenye uzito sawa, kiungo hicho lazima kiwemo katika mti. Vipande viwili vya ngazi moja vikichagua kiungo kilekile, huungana na kupanda ngazi moja. Kipande cha ngazi ya chini kikijishikiza kwa cha juu, humezwa, na ngazi ya juu haibadiliki.

Hapo ndipo sarufi inapogusa hesabu. “Kuungana” ni kauli ya kutendana, ya wenye hadhi sawa. “Kumezwa” ni kauli ya kutendwa. Kwa kuwa ni muungano wa walio sawa tu unaopandisha ngazi, kila ngazi mpya hudai angalau vifundo maradufu. Hivyo mtandao wa vifundo 1,000 hauwezi kupita ngazi ya 9, na penye vifundo N na viungo E, jumbe hazizidi 5N log₂N + 2E. Mfasiri atakayetumia “kuungana” kwa matendo yote mawili atamfanya msomaji adhani kwamba hata kumeza hupandisha ngazi, na kikomo hicho kitaporomoka mbele yake.

Kwa hiyo istilahi haibuniwi kwa kulitazama neno la kigeni peke yake. Mwanaisimu hana budi kuketi na mwanakompyuta, aijue kazi ya dhana, ndipo atafute kauli inayoifaa. Vitenzi vya Kiswahili vinazo kauli hizo tayari. Vinangoja kutumiwa kwa uangalifu.