Wimbo Namba Saba: Hotuba ya Katibu wa Kwaya Siku ya Jubilei



Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, akina mama na akina baba, vijana, watoto wa Shule ya Jumapili, kwaya za wageni mliotoka Migori, Awendo na Homa Bay, na ndugu zetu mliovuka kutoka upande wa Transmara, karibuni sana Ogwedhi. Kamati imetupa dakika kumi na tano, na mwenyekiti ameketi hapo mbele na saa yake, kwa hiyo hatutapitia historia ya kwaya mwaka kwa mwaka. Iko ukurasa wa nne wa kijitabu hiki, pamoja na majina ya walimu wote wa kwaya na picha ya yunifomu yetu ya kwanza, ile ya zambarau iliyochuja rangi kabla ya Pasaka ya pili. Tunachotaka kueleza ni kwa nini kwenye ratiba ya leo kuna wimbo namba saba, ambao haujapata kuimbwa na kwaya hii hata siku moja katika miaka yake 25.

Yote yalianza na bango. Mwaka jana kamati ilimtuma kijana mmoja wa besi atafute kwenye simu mfano mzuri wa bango lenye neno Jubilei. Alirudi bila bango. Alirudi na picha ya zamani sana ya vijana Weusi, wanawake wamevaa magauni marefu, wanaume wamevaa suti, wamekizunguka kinanda, na chini yake pameandikwa Jubilee Singers. Tulidhani ni kwaya ya Afrika Kusini. Mmoja wetu akasema hata yunifomu yetu ya sasa haijafikia hapo.

Kumbe ilikuwa kwaya ya wanafunzi wa Fisk, katika mji wa Nashville, Marekani. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1866 kwa ajili ya watu waliokuwa wametoka utumwani juzi tu, na madarasa yake ya kwanza yalikuwa majengo yaliyoachwa na hospitali ya jeshi. Kufikia mwaka 1871 ilikuwa na madeni ya kuifunga kabisa. Mwekahazina wake, Mzungu aitwaye George White, ndiye pia aliyefundisha kuimba. Akawachukua wanafunzi tisa, na tarehe 6 Oktoba 1871 wakaondoka kwenda kuimba mji kwa mji wakichangisha pesa. Wengi wao walikuwa wamezaliwa watumwa. Njiani hoteli ziliwakataa kwa sababu ya rangi yao. Siku zile za mwanzo mji wa Chicago uliungua, na wao, ambao hawakuwa hata na makoti ya kutosha, wakatoa mapato ya onyesho lao moja, yasiyofika dola 50, kwa watu waliounguliwa na nyumba. Mwekahazina wetu alituomba tusiitaje habari hii siku ya harambee. Tumeshaitaja.

Jina la Jubilei walipewa na huyo White walipofika Columbus, Ohio, kutoka Mambo ya Walawi 25, mwaka wa hamsini, watumwa wanapoachwa huru. Sisi tumechukua nusu ya miaka hiyo, Mchungaji atatusamehe.

Baada ya picha tulitafuta filamu. Ipo moja ya makala, Jubilee Singers: Sacrifice and Glory, ya mwaka 2000. Mwanakwaya mwenye ndugu ng'ambo aliipata, ikaja kwenye flashi. Tuliazima projekta, tukatundika shuka nyeupe hapa hapa mbele ya madhabahu, tukaitazama Jumapili tatu jioni, maana umeme wa Ogwedhi mnaujua. Mmoja wetu alisimama kando ya shuka akitafsiri kwa Kiswahili, mwingine kwa Dholuo kwa ajili ya akina mama wa viti vya mbele, na wakati mwingine wote wawili walisahau kazi yao wakawa wanatazama tu.

Kuna mtu mmoja katika habari hiyo ambaye hatukuweza kumwacha. Ni Ella Sheppard, aliyepiga kinanda. Alizaliwa mwaka 1851 utumwani. Baba yake aliweza kumnunulia uhuru, lakini mama yake akabaki mikononi mwa wenye mali, wakakaa mbali mbali mpaka baada ya vita. Alipokuwa mtu mzima aliandika kumbukumbu za kwaya ile, na humo anasema jambo lililotunyamazisha. Anasema mwanzoni nyimbo za watumwa hawakuziimba mbele za watu hata kidogo. Jukwaani waliimba nyimbo za Kizungu, zile zilizoandikwa kwa nota na kufundishwa darasani. Nyimbo za wazazi wao ziliwakumbusha utumwa, waliokuwa wakitaka kuusahau, na tena zilikuwa takatifu kwa wazee wao. Walikutana nyumbani kwa White, wakaketi sakafuni kwa sababu viti vilikuwa vichache, wakafundishana nyimbo hizo kwa sauti ya chini.

Mfasiri wetu alipofika hapo, kanisa likanyamaza. Hakuna aliyetaja jina, lakini tuliotoka mlangoni jioni ile tulikuwa tukimfikiria mtu mmoja.

Wengi mnamkumbuka dani wetu aliyekuwa akikaa nguzo ya pili upande wa akina mama. Alilala miaka miwili iliyopita. Huyu dani alikuwa na wimbo. Ulikuwa wimbo wa mwanamke Msamaria kisimani, ameutunga mwenyewe kwa mtindo wa dodo, ule ambao akina mama wa Kijaluo waliimba tangu zamani, mmoja anaanza na wengine wanamjibu. Aliuimba jikoni siku za semina akikoroga uji, aliuimba kwenye matanga. Jumamosi moja alikuja mazoezini akiegemea fimbo yake, akasema anautoa wimbo huu kwa kwaya, tuupeleke kwenye mashindano. Aliuimba wote amesimama.

Kumbukumbu za kikao cha siku ile tunazo. Zina mstari mmoja tu: wimbo wa dani umepokewa, utaangaliwa.

Haukuangaliwa. Tuseme ukweli mbele ya Mungu na mbele yenu. Tulikuwa tunajifunza wimbo wa sauti nne, nota zake za sol-fa zimejaa ubao mzima, na tulisema wimbo wa dodo utatushushia alama. Mwingine alisema unafanana na nyimbo za pombe. Mwingine alisema tukianza na hayo mwishowe tutapita barabarani na ngoma kama watu wa Roho. Tulicheka. Yeye alikuwa bado yupo pale mlangoni akivaa viatu, na alikuwa anasikia vizuri sana kwa umri wake. Hakuuliza tena. Na kwenye mashindano, kama mnataka kujua, tulikuwa wa tano katika kwaya saba.

Turudi kwa akina Ella. Mwezi wa Novemba mwaka ule wa 1871, huko Oberlin, waliimba nyimbo za wazazi wao mbele ya mkutano mkubwa wa viongozi wa kanisa, na watu wakaguswa kuliko walivyoguswa na yale mengine yote. Kuanzia hapo nyimbo hizo ndizo zilizowabeba. Mwaka 1872 waliimba mbele ya Rais Grant, mwaka 1873 mbele ya Malkia Victoria. Pesa zilizopatikana zilijenga jumba la ghorofa linaloitwa Jubilee Hall, lililofunguliwa tarehe 1 Januari 1876, na liko mpaka leo. Wengine kati ya waimbaji waliugua kwa safari na kwa baridi. Haikuwa kazi ya raha. Lakini kwetu jambo kubwa kuliko malkia na kuliko jumba ni kitabu. Mwaka 1872 nyimbo zao ziliandikwa nota zikachapwa. Zile zilizoimbwa sakafuni kwa sauti ya chini zikapata karatasi.

Huko Uingereza waliimba pia kwenye mikutano ya Moody na Sankey. Wengi wetu tunamjua Sankey bila kujua kwamba tunamjua, maana nyimbo kadhaa za Tenzi za Rohoni zilikuja kutoka vitabu vyake. Tumeimba nyimbo za upande ule wa jukwaa miaka yote hii, na hatukujua kwamba kwenye mikutano ile walisimama pia watu wenye ngozi kama yetu.

Basi tukashikwa na njaa ya mambo haya. Tulitazama Say Amen, Somebody ya mwaka 1982, ambamo mzee Thomas Dorsey anasimulia habari zake mwenyewe. Alikuwa mpiga piano wa muziki wa bluzi, muziki wa baa. Mwaka 1932, akiwa safarini, mke wake alifariki akijifungua na mtoto naye akafa, na katika msiba huo akaandika "Take My Hand, Precious Lord", ambao mnaujua kwenye mazishi. Makanisa mengi hayakutaka nyimbo zake mwanzoni kwa sababu yalisikia baa ndani yake. Tulitazamana tena. Watoto wa Shule ya Jumapili nao walitupa somo lao: mtoto mmoja aliuliza mbona tunaimba kwamba Mungu wangu ni mbaya. Alikuwa anasema Kumbaya! Ikabidi tutafute. Si Kiswahili, mwanangu. Ni wimbo wa Wamarekani Weusi wakimwomba Bwana aje karibu, na sauti yake moja ya zamani ilinaswa huko Georgia mwaka 1926 kwenye silinda ya nta.

Mwaka 1926, kwenye nta! Na sisi tulikuwa na simu mfukoni kila Jumamosi, na dani alikuwa mbele yetu.

Aliyetupeleka nyumbani ni kijana wetu wa gitaa. Alisema mbona mnatafuta Marekani tu, akaleta makala ya Ketebul Music ya Nairobi, Retracing the Benga Rhythm, ya mwaka 2008. Wazee wengine walitoka nje tulipoiwasha kanisani, na tunawaheshimu kwa hilo. Tungeitazama shuleni, hilo lilikuwa kosa letu. Lakini waliobaki waliona jinsi vidole vya wapiga gitaa wa benga vilivyofuata nyuzi nane za nyatiti. Gitaa la kijana wetu, linalosindikiza pambio zetu kila Jumapili na ambalo hakuna anayelilalamikia, limejifunza kutembea kwa nyatiti. Tulikuwa tumemfungia bibi mlango wa mbele huku mjukuu wake anapiga muziki ndani.

Tukaanza kuutafuta wimbo. Mjukuu wa dani alikuwa na sekunde 41 kwenye simu, zilizonaswa kwenye matanga, jenereta inanguruma na mtu anauliza sufuria iko wapi. Tulipata ubeti wa kwanza na nusu ya kiitikio. Tukaenda kwa akina mama watatu waliouimba naye jikoni. Tulikaa chini, si kwa kukosa viti, wao ndio walisema wimbo huu hauimbwi mtu akiwa juu ya kiti. Mwalimu wetu wa kwaya aliandika nota kwenye daftari la hesabu. Mahali pengine sauti ya akina mama ilipita katikati ya nota mbili, akafuta na kuandika mpaka karatasi ikatoboka, na mahali hapo sasa pana alama ya mshale tu. Mkifika hapo wafuateni akina mama.

Beti mbili wamekubaliana. Ubeti wa tatu wamekataa kukubaliana. Wawili wanasema dani aliimba kwamba mwanamke Msamaria aliuacha mtungi wake kisimani akakimbia mjini kuwaambia watu, kama ilivyoandikwa katika Yohana 4. Wa tatu, aliyekuwa mke mwenzake, waliokaa boma moja zaidi ya miaka arobaini, anasema hapana: kwa dani yule mwanamke aliwaambia watu, kisha jioni akarudi kuchukua mtungi, kwa sababu watoto nyumbani walikuwa na kiu. Mchungaji ameulizwa. Amesema Biblia haisemi kama alirudi, na haisemi kama hakurudi.

Kwa hiyo leo utaimbwa hivi. Wimbo namba saba, ukurasa wa kumi na moja. Kibodi itazimwa, tafadhali kijana wa vyombo, izimwe kabisa si kupunguzwa. Kutakuwa na orutu na kayamba. Ohangla haimo, wazee na vijana walijadiliana sana juu yake na tumekubaliana hivyo kwa leo. Hatutasimama jukwaani, tutashuka tukae pale chini mbele ya viti vya akina mama. Ubeti wa tatu utaimbwa mara mbili, kwanza na wale mama wawili, halafu na yule mmoja, na ninyi mtaitikia zote mbili. Penye jina la mtunzi tumeandika jina lake kamili, jinsi lilivyo kwenye kitabu cha ubatizo. Mwenye kumbukumbu ya ubeti wa nne, maana kuna wanaosema ulikuwepo, amwone katibu hapa nyuma kabla ya chakula. Daftari lipo, na kalamu mbili.

Mwenyekiti ameinua saa. Akina mama, karibuni.