Namba sita usimsomee mtu

Siku hizi kundi la WhatsApp la ukoo ndilo baraza la familia. Msiba ukitokea Tanga, ndugu wa Dodoma na yule aliyeko Muscat wanapata habari saa ileile, na michango inaanza kabla jua halijazama. Ni neema, tusiibeze.

Ila tapeli naye anajua kwamba ndugu hawaulizani sana wakati wa shida. Anakupigia, anajifanya mtu wa kampuni ya simu, anakuomba umsomee tarakimu sita zilizoingia kwa ujumbe mfupi. Ukimsomea tu, akaunti yako ya WhatsApp imehamia kwenye simu yake. Dakika chache baadaye shangazi anapokea ujumbe wenye jina na picha yako: “Nimekwama hospitali, nitumie kwenye namba hii.” Kwa huruma yake anatuma mtaji wake wa vitumbua.

Tarakimu hizo usimpe yeyote. Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye mipangilio ya WhatsApp. Ukiombwa pesa, piga simu kwanza, usikie sauti ya ndugu yako. Kwa Tanzania, ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040. Leo jioni kaa na mama au bibi, umwekee ulinzi huo kwenye simu yake pia.