Deni la Ushuru la Mume au Mke: Nani Hulipa?

Hotuba kwa baraza la wananchi kuhusu ushuru, ndoa na mirathi



Barua ya deni inafika nyumbani. Jina lililoandikwa ni la mume, na mume ameondoka au amefariki. Je, mke alipe? Mara nyingine ni kinyume: biashara ilikuwa ya mke, na mume ndiye aliyebaki ameshika barua. Sheria ni moja kwa wote wawili.

Jibu la kwanza liko kwenye PIN. Ushuru wa mapato ni deni la mwenye PIN. Zamani kifungu cha 45 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kilihesabu mapato ya mke anayeishi na mumewe kuwa ya mume. Siku hizi mke huwasilisha ritani yake kwa PIN yake. Cheti cha ndoa peke yake hakimfanyi mtu kuwa mdaiwa wa Mamlaka ya Ushuru (KRA).

Shida huanzia kwenye saini. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inaipa KRA uwezo wa kuiagiza benki itoe pesa za mdaiwa. Akaunti ya pamoja huguswa ikiwa wenye akaunti wote wana deni, au ikiwa mdaiwa anaweza kutoa pesa bila idhini ya mwenzake. Kwa hivyo mume na mke ambao akaunti yao yahitaji saini mbili, na mmoja wao hana deni, wako salama. Wale waliochagua saini ya yeyote kati yao wameacha mlango wazi. Ni jambo dogo kwenye fomu ya benki, na wengi hutia alama bila kuuliza.

Saini nyingine ya kuangaliwa ni ya kampuni. Wake wengi huandikwa wakurugenzi ili tu fomu ijae. Kampuni ikipangiwa njama ya kuiacha haiwezi kulipa ushuru, wakurugenzi wanaweza kudaiwa wao binafsi. Mkurugenzi ambaye hakunufaika, hakushiriki katika usimamizi, hakujua na asingetarajiwa kujua ana utetezi mbele ya sheria. Lakini lazima aonyeshe hayo kwa karatasi, si kwa machozi.

Kati ya wanandoa wenyewe, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yasema deni la kabla ya ndoa hubaki la aliyelikopa. Lililoingiwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa ni la wote wawili.

Kifo kina mambo yake. Deni la marehemu hulipwa kutoka kwa mali ya marehemu, kupitia msimamizi wa mirathi. Mjane aliye msimamizi hudaiwa kwa kiasi cha mali aliyoishika, si mshahara wake wala shamba alilonunua mwenyewe. Ila akigawa au kuuza mali hiyo huku akijua ushuru haujalipwa, anaweza kuulizwa yeye. Aidha, Sheria ya Urithi inakataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu kabla ya kupewa idhini na mahakama. Shemeji anayeuza pikapu wiki moja baada ya mazishi anavunja sheria, hata akisema ni ya kulipia matanga.

Kodi ya ardhi inayolipwa kaunti ni tofauti kabisa. Deni hili hukaa juu ya kiwanja, haliendi kaburini na mwenye hati. Anayerithi kiwanja hurithi na deni lake, na bila cheti cha kuonyesha kwamba kodi imelipwa, hati haihamishwi. Ni afadhali mjane aulize salio mapema, kwa maana riba haingojei kesi ya mirathi iishe.

Je, kuna msamaha? Upo, lakini una utaratibu. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, uwezo wa kusamehe ada za kaunti ni wa Waziri wa Fedha wa kaunti. Katiba, Kifungu cha 210, inataka kila msamaha uandikwe pamoja na sababu yake na kuripotiwa kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mara nyingi kinachosamehewa ni riba na faini, si deni lenyewe. Chifu hana uwezo huo, wala karani, wala yule kijana wa nje ya lango anayedai "kitu kidogo" ili afute deni.

Kwa upande wa KRA, asiyekubaliana na makadirio ana siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi, na sehemu asiyoipinga huilipa au huomba kuilipa kwa awamu. Aliyechelewa kwa ugonjwa au kuwa nje ya nchi anaweza kuomba muda zaidi. Pingamizi likikataliwa, ana siku 30 nyingine za kwenda kwenye Jopo la Rufaa za Ushuru.

Anayekwenda Huduma Centre au ofisi ya mapato abebe kitambulisho, barua aliyopokea ikiwa na bahasha yake yenye tarehe, cheti cha ndoa au cha kifo, idhini ya mahakama kama ipo, na nambari ya kiwanja.